Ukishaonywa, Lawama ni ya Nani?

Kama hujawahi kushuka Lubao, ni pale kwenye barabara ya Kakamega kwenda Webuye, kilomita chache tu ukishatoka mjini Kakamega. Watu wa mbali wanaijua kwa sababu ya soko la mbwa. Mbwa wanaletwa na kamba shingoni na bei inabishaniwa kama ya ng'ombe. Muuzaji akikwambia "huyu ni mkali, anauma," amekuonya, ingawa pia amemtangaza, maana kuna mteja aliyekuja kutafuta mkali hasa. Vyovyote vile, wewe una nafasi. Unaweza kurudi nyuma hatua mbili, ukamwangalia mbwa mwingine, au ukaenda nyumbani na pesa zako. Ukimnunua na kesho akuume, hakuna mtu atakuonea huruma, na mimi naona ni haki.

Sasa kuna onyo lingine linalotufikia, hasa miaka ambayo mvua za vuli zinakataa kuisha. Linatoka kwa Idara ya Hali ya Hewa na linazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: mvua kubwa inatarajiwa magharibi mwa nchi na Bonde la Ufa, epuka kuvuka mito iliyofurika, usijikinge chini ya mti kukiwa na radi. Linakuja wakati ule ule ambao nusu ya Nairobi inafunga mizigo kwenda ushago. Na mtu akipatwa na jambo njiani, sentensi ya kwanza utakayosikia ni, "Si waliambiwa?"

Hiyo sentensi ndiyo inanisumbua. Je, kuambiwa kunatosha kuhamisha lawama kutoka kwa aliyesema hadi kwa aliyesikia?

Chukua msafiri wa kawaida wa Lubao. Ni mlinzi Industrial Area, au anauza dukani Eastleigh. Likizo yake inaanza tarehe 23 jioni kwa sababu bosi amesema hivyo, na tarehe 27 asubuhi anatakiwa kazini. Nauli imeshapanda, pengine mara mbili, na tiketi aliilipia mapema kwa sababu akichelewa atakosa kiti. Mbele yake kuna zaidi ya kilomita 350, Mai Mahiu au Naivasha, Nakuru, kisha Kericho au Eldoret, halafu boda boda kwenye barabara ya udongo ambayo ikinyeshewa inateleza kama sabuni. Onyo linamfikia tarehe 22. Afanye nini nalo? Hana siku nyingine wala pesa ya tiketi nyingine. Anachoweza ni kusafiri au kutosafiri, na kutosafiri maana yake ni mwaka mwingine bila kumwona mama.

Utasema, basi abaki, uhai ni bora kuliko Krisi. Sawa, nakubali. Lakini hata huyo aliyeamua kusafiri, akishapanda basi si yeye anayeamua tena. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilijaribu kuvuka mto Enziu, kaunti ya Kitui, maji yakiwa yamefunika daraja. Video mliiona. Watu wako ukingoni wanatazama, basi linasogea, linainama, linazama. Zaidi ya watu 30 walikufa, dereva akiwemo. Maji yalikuwa yanaonekana kwa macho, na hakuna onyo kubwa kuliko hilo. Lakini mlioketi kiti cha kumi na mbili mngefanya nini? Mnaweza kupiga kelele, na wengi wetu tumewahi kumpigia dereva kelele, tukaambiwa tushuke kama tunaogopa. Mtu anashuka wapi, usiku, kwenye mvua?

Sisemi abiria hana wajibu. Anao, na kimya chetu ndani ya magari ya umma ni aibu ya taifa zima: watu hamsini wazima wanamwogopa kijana mmoja aliyeshika usukani. Ila wajibu wa kusema ni mdogo kuliko lawama tunayombebesha akishakufa.

Kuna pia suala la saa. Aprili 2024 mvua ilikuwa imeua watu wengi nchini, na shule zilitakiwa kufunguliwa Jumatatu tarehe 29. Wizara ya Elimu ilitangaza kuahirisha usiku wa kuamkia siku hiyo hiyo, wanafunzi wengine wakiwa wameshaondoka nyumbani na masanduku yao. Alfajiri hiyo hiyo maji yakasomba nyumba na watu Mai Mahiu. Uamuzi wa kuahirisha ulikuwa sahihi. Shule zilikuja kufunguliwa tarehe 13 Mei. Lakini mzazi aliyemtuma mtoto Jumapili mchana, kwa sababu shule iko mbali na nauli ya Jumatatu ni kali, huwezi kumwambia "si tulisema?" Mlisema akiwa ameshatii agizo la kwanza.

Usidhani haya ni mambo ya nchi zenye madaraja mabovu. Buffalo, jimbo la New York, mji ambao siku hizi una Wakongo na Wasomali wengi na ambako Kiswahili kinasikika, ulipigwa na dhoruba ya theluji siku mbili kabla ya Krismasi 2022. Wataalamu walikuwa wametabiri siku kadhaa mapema, na utabiri ulikuwa mzuri kweli kweli. Lakini marufuku ya kuendesha magari ilianza Ijumaa tarehe 23 saa tatu na nusu asubuhi, wakati watu wengi wa mishahara midogo walikuwa wameshafika kazini. Zaidi ya watu 40 walikufa eneo hilo, wengine ndani ya magari yao. Mwenye kazi ya laptop alisoma onyo akabaki kwenye blanketi. Muuguzi msaidizi na mpishi walisoma onyo lile lile wakavaa koti. Sayansi ilifanya kazi yake, halafu ikamkuta bosi mlangoni.

Kwa hiyo serikali ipige marufuku mapema na mambo yaishe? Hapa nakuwa mgumu kidogo. Tarehe 31 Desemba 2017, baada ya basi na lori kugongana Migaa na kuua watu 36, NTSA ilizuia magari ya abiria kusafiri usiku. Ilikuwa katikati ya msimu wa watu kurudi mjini. Abiria walikwama, na wenye magari yao binafsi waliendelea na safari kama kawaida. Marufuku, kama onyo, ina tabia ya kumwangukia yule yule. Halafu mimi ni mtu mzima, sitaki kila wingu liwe amri. Kuna tofauti kati ya kunilinda na kunifungia.

Na utabiri hukosea, tusijidanganye. Mwaka 2015 tuliambiwa tujiandae kwa El Niño kama ile ya 1997, ikaja nyepesi kuliko tulivyoogopa, watu wakacheka. Oktoba 2023 Rais alisema wataalamu wamebadilisha utabiri na hakutakuwa na El Niño ya kutisha. Mvua ikanyesha, na kabla ya mwaka kuisha zaidi ya watu 100 walikuwa wamekufa. Anayeonya ana hofu zake pia: akikosea huku anaitwa mwongo, akikosea kule anaitwa muuaji. Namwelewa. Ndiyo maana onyo lake huandikwa kwa lugha pana, "baadhi ya maeneo", "huenda", ili lolote likitokea awe alishasema. Linakuwa kama risiti: la kumlinda aliyelitoa.

Kusini kidogo ya Kakamega, huko Bunyore, kuna ukoo wa Nganyi, watu wa mvua kwa vizazi vingi. Wanasoma miti, wadudu na upepo, na kwa miaka kadhaa sasa wanasayansi wa Idara ya Hali ya Hewa wamekuwa wakikaa nao ili kulinganisha utabiri wa pande zote mbili na kuwapa wakulima neno moja. Kinachonivutia si kama mdudu ni sahihi kuliko setilaiti. Mzee wa Nganyi akisema mvua inakuja, shamba lake liko kwenye mvua hiyo hiyo. Akikosea, mahindi yake yanaoza pamoja na yako, na kesho mtaonana njiani. Hawezi kukwambia na kuondoka.

Hapo ndipo naona jibu, au kipande chake. Anayeonya ana deni la pili baada ya kusema: kukuachia njia ya kutii. Sacco ikubali kubadilisha tarehe ya tiketi bila kukata pesa wiki ambayo tahadhari imetolewa. Bosi aachilie watu tarehe 20, au awape siku mbili za Januari. Mwenye gari asimdai dereva hesabu ya siku ambayo barabara imekatika. Hakuna kati ya haya kinachohitaji setilaiti. Bila hayo, "nilikuonya" ni maneno ya mtu anayenawa mikono.

Na familia tumo. Sisi ndio tunaforward tahadhari asubuhi na jioni tunauliza "mnafika lini, mbuzi ameshanunuliwa." Desemba 2023 binamu zangu wawili walikuwa wamelipia basi la kuja Lubao, na habari za barabara zilikuwa mbaya. Kukhu aliwapigia akasema wasitoke Nairobi, mbuzi hatachinjwa mpaka wafike, hata kama ni Januari. Walinung'unika. Kampuni ya basi ilikuwa imekataa kurudisha pesa, na kila mmoja alikuwa amepoteza nauli yote. Kukhu hakubishana nao. Jioni simu zao zililia: M-Pesa, shilingi 500 kila mmoja, kutoka kwa mwanamke ambaye mwezi huo alikuwa bado hajalipwa pesa za majani chai.