Deni la Mlango Uliofungwa

Watu wengi huamini kwamba anayempenda paka ndiye anayewajibika kwake. Mimi naona wajibu huo una chanzo kingine, nacho ni mlango. Siku unapomwingiza paka ndani ukafunga, umemwondolea njia zote alizokuwa nazo za kujitafutia. Kuanzia hapo kila tonge na kila tone la maji ni deni lako, umpende usimpende. Mapenzi yanaweza kulifanya deni hilo lilipike kwa wepesi, lakini hayakulianzisha, na yakipoa hayalifuti.

Nimefika hapa kwa sababu ya kazi yangu. Natunza paka wa watu. Mwenye paka akisafiri huniachia ufunguo, nami huenda kwake asubuhi na jioni: nalisha, nabadilisha maji, nasafisha boksi la mchanga, nakaa na paka mpaka nione yu hali gani. Nimewapenda paka tangu utotoni, na wanaosikia hivyo huona hadithi imekwisha hapo: alipenda, akakigeuza anachokipenda kuwa kazi. Lakini kati ya kupenda na kulipwa kuna swali zito, na ningependa kulikabili badala ya kulipita kwa tabasamu.

Nimekulia Malindi, Unguja, jirani na soko la samaki. Paka wa kule hawakuwa na mwenyewe. Walikula kwetu, wakalala kwa jirani, wakazalia chini ya ngalawa zilizopinduliwa. Bibi yangu aliwatupia vichwa vya changu kila mchana, na alipokwenda Pemba kuhani hakumwambia mtu yeyote amtunzie paka. Haja haikuwepo. Akikosekana bibi, palikuwa na wachuuzi. Wakikosekana wachuuzi, palikuwa na panya wa bandarini. Sisemi maisha yale yalikuwa mema. Vitoto vingi vilikufa na utando machoni, na madume yalirudi alfajiri masikio yamechanika. Nasema tu kwamba hakuna aliyewadhulumu kwa kusafiri.

Na maisha ya namna ile ni ya kale sana. Utafiti wa jenetiki uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba paka wa majumbani wametokana na paka mwitu wa Mashariki ya Kati, ndugu wa karibu wa kimburu anayewinda hadi leo katika nyika zetu. Panya walifuata maghala ya nafaka, paka wakafuata panya, na binadamu akawaachia wabaki. Kisiwani Cyprus limefukuliwa kaburi la miaka ipatayo 9,500 ambamo mtu na paka walizikwa karibu karibu, kwa hiyo ukaribu wenyewe si jambo la jana. Ila kwa sehemu kubwa ya muda huo paka aliingia na kutoka apendavyo.

Sasa nenda Upanga, jijini Dar es Salaam, ghorofa ya sita. Dirisha lina nondo na wavu wa mbu. Chini kuna geti, getini kuna mlinzi, na kila mlango wa korido una kitasa chake. Paka anayeishi humo amehasiwa, amechanjwa, hajui kupigana wala kuwinda, na pengine ataishi miaka mingi kuliko paka yeyote wa bibi yangu. Amepata usalama huo kwa kumtegemea kabisa mtu mmoja mwenye ufunguo. Akiachwa peke yake siku tatu, jirani hawezi kumwonea huruma, maana jirani hamwoni.

Tuliosoma chuo cha Kurani tunaijua Hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Imo katika Bukhari na Muslim. Alimfungia mpaka akafa: hakumlisha, wala hakumwachia atoke ajilie wadudu wa ardhini. Tazama kosa lilipowekwa. Hadithi haiulizi kama alimpenda. Haimtwishi kila mwanadamu kazi ya kulisha kila paka. Njia zilikuwa mbili, kulisha au kufungua, naye alizifunga zote mbili. Iweke kando ya masimulizi ya Abu Qatada, aliyeinamisha chombo cha maji ya udhu ili paka anywe, na mkwewe Kabsha alipostaajabu akamweleza kuwa Mtume alisema paka si najisi, ni katika wanaowazungukieni. Yule ni paka anayezunguka, na aliyemnywesha alimfanyia hisani. Yule wa kwanza amefungiwa, na kwa aliyefungiwa chakula hakiitwi tena hisani.

Hapo ndipo ninapopata pa kusimama mbele ya shangazi yangu. Nilipoanza kazi hii aliniuliza, kwa upole lakini bila kuficha: "Mwanangu, kumpa mnyama tonge ni sadaka. Sadaka inatozwa bei?" Swali lake limewahi kuulizwa na wasomi pia. Mwaka 1970 Richard Titmuss alichapisha kitabu kilicholinganisha Uingereza, ambako watu walitoa damu bure, na Marekani, ambako wengi wakati ule waliiuza. Hoja yake ilikuwa kwamba bei ikiingia palipokuwa na zawadi, moyo wa kutoa hufifia, na hata kinachotolewa hupungua ubora. Kwa damu namkubalia. Lakini mtoa damu huja siku moyo unapomtuma, na asipokuja leo, atakuja mwingine. Paka wa ghorofa ya sita hana huyo mwingine. Nimewaona majirani wema wakiombwa "umwangalie kidogo paka" wakakubali kwa dhati, kisha ikaja mvua, ukaja msiba, ikaja foleni ya Barabara ya Ali Hassan Mwinyi, na jioni ikapita. Huwezi kuwalaumu. Walitoa kwa hiari, na fahari ya hiari ni kwamba haina saa.

Njaa ina saa. Ndiyo maana ujira hauninyimi usingizi. Mteja anaponitumia fedha kwa simu, mapenzi yangu hayaguswi. Kinachofungwa ni asubuhi zangu na jioni zangu. Tangu hapo kuna mtu mwenye haki ya kuniuliza, "Jana ulikwenda?" Haki hiyo asingekuwa nayo kama ningefanya kwa kupenda tu, na paka ndiye angeumia kwa kukosekana kwake. Nilimjibu shangazi kwamba sadaka yangu bado ipo: naitoa kwa paka wa mtaani, wasionijua wala kunidai. Alinyamaza, akaniambia nisisahau kuwapa na maji.

Hata hivyo kuna kitu ambacho ujira hauwezi kukilinda. Katika fikihi, aliyewekewa amana halipi kilichopotea ila akizembea. Basi uzembe wa mtunza paka utajulikana vipi? Aliyenilipa yuko mbali, na anayehudumiwa hawezi kusema. Mkataba wangu una pande mbili, lakini mwenye tumbo ni wa tatu, na hakuulizwa. Naweza kumwaga chakula bakulini, nikapiga picha, nikaituma WhatsApp na kuondoka. Hapo mteja ameridhika na paka ameachwa.

Mapenzi yanaingia mahali hapa, na kazi yake, kwa maoni yangu, ni kuona. Mwanafalsafa Mfaransa Simone Weil aliuhesabu usikivu kuwa aina ya ukarimu, tena iliyo adimu. Katika kazi yangu ukarimu huo una sura yake halisi. Dume anayeingia mchangani mara kwa mara, anajikamua na hatoi mkojo, huenda njia imeziba. Siku moja au mbili zinatosha kumuua. Paka mnene anayegoma kula kwa siku kadhaa yuko hatarini, kwa sababu mafuta ya mwili huhamia kwenye ini na kulilemea. Nusu kidonge cha panadoli, ambacho mtu mwenye huruma angempa ili kumtuliza maumivu, ni sumu kwake, kwani ini lake haliwezi kuimudu dawa ile kama letu linavyoweza. Huruma isiyojua haya huua. Na maarifa haya nayo hayatoshi, maana anayejua dalili lakini hajakaa chini sakafuni kumtazama paka huyu hataona kwamba leo ameruka kitandani kwa kusitasita, au kwamba amelamba mchuzi akaacha nyama.

Ninasema paka huyu kwa kusudi. Kupenda paka kwa jumla ni rahisi. Mtu hupenda umbo lao, mwendo wao, namna wanavyojikunja juani. Kazini hakuna paka wa jumla. Kuna huyu anayejificha chini ya kitanda tangu mwenyewe aondoke, anayenifokea nikikaribia, asiyenihitaji kwa lolote zaidi ya mkono unaoweka chakula. Siwapendi wote sawa, na sidhani napaswa. Yule wa chini ya kitanda hanidai mapenzi. Ananidai chakula, maji, mchanga safi na mtu anayekaa kimya chumbani kwa nusu saa ili ajue nyumba haijahamwa. Nikimpa hayo kwa ukamilifu, sijapungukiwa na chochote mbele yake.

Tena ana haki ya kunifokea. Utafiti wa Kristyn Vitale na wenzake, uliotoka mwaka 2019 huko Marekani, ulionyesha kwamba paka wengi hushikamana na walezi wao kwa namna inayofanana na mtoto na mzazi: mlezi akirudi chumbani, hutulia na kuendelea kuchunguza mazingira. Ikiwa ndivyo, basi anayesafiri anaondoka na utulivu wa mtu mwingine, na mimi siwezi kuurudisha kwa kujifanya yeye. Siwafundishi paka wa watu kunizoea kupita kiasi. Mwenyewe anaporudi, paka akanipita miguuni na kumfuata yeye, kazi yangu imekwenda sawa.

Kwa hiyo mazungumzo na mteja mpya siyaanzi na bei. Namuuliza daktari wake wa mifugo ni nani, kisha namwomba idhini kwa maandishi ya kumpeleka paka hospitali hata saa nane usiku na kukubali matibabu bila kumsubiri ashuke kwenye ndege. Baadhi hushtuka. Wangependa waniachie kulisha tu, uamuzi wabaki nao. Lakini deni la kumfungia paka haligawanyiki hivyo. Anayebaki na ufunguo lazima abaki na uwezo wa kuamua pia. Asiyeridhia hilo namwambia kwa heshima atafute ndugu wa kulala pale nyumbani, na ufunguo wake siuchukui.