Jicho la Jirani



Katika jumba la National Gallery hapa London ipo picha ndogo ya rangi za mafuta aliyoichora Claude Monet mwaka 1870 kwenye ufukwe wa Trouville, Ufaransa. Wataalamu walipoichunguza walikuta chembe za mchanga zimenasa ndani ya rangi. Sisi wa fani ya uhandisi tunaupenda ushahidi wa namna hiyo. Picha yenyewe inashuhudia ilikozaliwa.

Uchoraji wa nje ulirahisishwa na kitu kidogo sana. Zamani rangi iliyokwisha changanywa na mafuta iliwekwa katika kibofu cha nguruwe, ikitobolewa kila ilipohitajika, na kuziba tena ni shida. Mwaka 1841 mchoraji wa Kimarekani, John Goffe Rand, alipata hataza ya tyubu ya bati, kama hii ya dawa ya meno. Basi mchoraji akatia rangi zake mkobani, akapanda treni, akaenda mashambani. Huko jua halimngoji mtu. Baada ya saa mbili kivuli kimehama, maji yamegeuka rangi, na upepo unaitikisa turubai. Na wengi hawakwenda peke yao.

Kiangazi cha mwaka 1869 Monet na mwenzake Renoir walikaa bega kwa bega La Grenouillère, mahali pa kuogelea na kula kando ya mto Seine, karibu na Paris. Walichora kisiwa kilekile na maji yaleyale. Picha ya Monet iko New York katika Metropolitan Museum, ya Renoir iko Stockholm. Mkiziweka pamoja kitabuni mtaona Monet ameshughulishwa zaidi na maji, Renoir na watu na mavazi yao. Lakini ile namna ya kuyavunja maji kuwa vipande vya rangi, kimoja cheupe, kimoja cheusi, iko kwa wote wawili. Nani aliichukua kwa nani? Na aliyechukua, je, aliiba?

Upesi mtu atajibu kwamba mwanga ni wa Mwenyezi Mungu na macho hayana kodi. Ni kweli, mto haukuwa wa Renoir wala wa Monet. Ila kinachochukuliwa kwa jirani si mto. Ni taabu yake: asubuhi tatu alizokosea, rangi alizokwangua na kuzitupa, mpaka ikampata ile moja iliyokaa sawa. Wewe umeipata kwa kugeuza shingo.

Mwaka 1872 Paul Cézanne aliazima picha ya Camille Pissarro, mandhari ya Louveciennes, akainakili. Kisha kwa miaka kadhaa walichora pamoja nje, huko Pontoise na jirani zake, na rangi za Cézanne, zilizokuwa nzito na za giza, zikaanza kupata mwanga. Baadaye sifa za Cézanne zilimpita mwalimu wake. Hata hivyo, katika miaka yake ya mwisho, alipoonyesha picha katika mji wake wa Aix, aliandikisha katika orodha kwamba yeye ni mwanafunzi wa Pissarro. Hakulazimishwa na mtu.

Hapo tunawakumbuka pia wale jamaa wa Oyster Bay, Dar es Salaam. Wageni husema picha zao zinafanana mno, ati wanaigana. Edward Saidi Tingatinga alifariki mwaka 1972, na ndugu na wanafunzi wake wakaendelea kuchora pamoja. Jina lake wamelifanya jina la kazi yenyewe. Huyo mwigaji wa namna gani, anayemtaja mwenyewe kila anapouza?

Sisi hatukufanya hivyo. Miaka mingi iliyopita, tukiwa wahandisi wachanga, meza yetu ilikaribiana na ya kijana mmoja mgeni kama sisi. Alikuwa akihangaika na mifereji ya kutolea maji nyuma ya ukuta wa kuzuia udongo, akichora na kufuta wiki nzima. Kazi yetu ilikuwa na tatizo lilelile kwenye ukuta mwingine. Alipoondoka kwenda kunywa chai tuliusogelea mchoro wake. Wetu ukakamilika siku mbili kabla ya wake. Mkubwa wa ofisi akatusifu mbele ya wote, naye kijana yupo, ametukodolea macho. Tukasema ahsante.

Tumejitetea mara nyingi kwamba kanuni za maji ni za wote na kwamba mahesabu tuliyafanya wenyewe. Yote hayo ni sahihi. Lakini La Grenouillère kila mmoja alikuwa wazi kwa jicho la mwenzake. Renoir akitazama anaonekana akitazama, na turubai yake nayo iko palepale, itazamwe. Sisi tulingoja mtu aende kunywa chai.

Ukuta ule ungali umesimama. Mwaka jana tulipita hapo mvua ikinyesha, tukasimamisha gari kutazama. Maji yalikuwa yakitoka vizuri, katika kila tundu, kama alivyopanga yeye.