Picha ni Mali ya Nani?

Robert Flaherty wa Marekani, mwasisi wa filamu za maisha halisi, alitoa *Nanook of the North* mwaka 1922. Wainuit walikwisha kuwa na bunduki, naye akawataka wawinde kwa chusa. Huo ni uongo, ijapokuwa mzuri. Lakini tusimnyime haki yake: aliwaonyesha wenyewe picha alizopiga, nao wakamshauri.

Jambo hili latuhusu. Wahadzabe, ambao baadhi yao wakaa Yaeda Chini wilayani Mbulu, walipigwa filamu na James Woodburn na Sean Hudson, iliyotolewa mwaka 1966, juu ya jinsi wanavyojitafutia chakula. Ni hazina kwa wataalamu. Je, si zaidi kwa mjukuu anayetaka kuuona mwendo wa babu yake porini? Kwangu, huyo ndiye wa kuonyeshwa kwanza.