Nendeni Mkajionyeshe



Katika Luka 17:11-19 wakoma kumi walimlilia Yesu. Aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani, ambao kwa sheria ya Musa ndio waliochunguza ugonjwa huo. Walitii, wakatakaswa wakiwa njiani.

Kati yetu wapo wanaoficha kikohozi. Wengine husema ni uchawi, wengine huogopa kutengwa, wengine hudhani kupimwa ni kukosa imani. Ndugu, kifua kikuu huletwa na vijidudu vilivyogunduliwa mwaka 1882. Huenea kwa hewa, nasi tunalala wengi katika chumba kimoja. Anayeficha aweza kuwaambukiza watoto wake mwenyewe.

Ukikohoa wiki 2 au zaidi, ukikonda, ukitoka jasho usiku, nenda kituo cha afya upimwe makohozi. Akionekana mgonjwa, mtu humeza dawa kwa kawaida miezi 6 bila kukatiza, na wengi hupona.

Tusimkimbie anayekwenda kupimwa. Tumsindikize, tumwombee, tumkumbushe dawa zake. Wakoma wale walikwenda pamoja. Nasi twende pamoja. Mungu awabariki. Amina.