Mtoto Huyu Ni wa Nani?

Vijana wetu wa Kibaha na Kisarawe wasomao vitabu vya hadithi wanaijua sana hadithi ya namna hii. Mtoto analelewa na watu wa kawaida, naye ajiona mgeni kwao. Siku moja aambiwa: Wewe si wa hapa, viumbe wenye uchawi walikubadilisha ukiwa mchanga, na kweli u mwana wa mfalme wa nchi isiyoonekana. Hadithi hii yapendeza, maana ni nani asiyetamani kuwa mkuu kuliko aonekanavyo? Lakini yatupasa kuuliza: wazo la mtoto aliyebadilishwa lilizaa nini watu walipoliamini kuwa kweli?

Zamani huko Ulaya, mzazi aliyeona mtoto wake hakui wala hasemi alidhani kwamba mtoto wake halisi ameibwa, na huyu alalaye kitandani ni wa pepo. Wengine walimpiga au kumwunguza, ili wenyewe waje kumtwaa. Hata watu wazima hawakusalimika. Mwaka 1895, katika nchi ya Ireland, Bridget Cleary alichomwa moto na mumewe, aliyesema kwamba huyo siye mkewe.

Wala tusimfiche mwalimu wetu. Katika Mazungumzo ya Mezani ya Luther, yaliyochapwa mwaka 1566, imeandikwa kwamba katika mji wa Dessau alimwona mtoto wa miaka 12, akamdhania kuwa ni nyama tupu isiyo na roho, akatoa shauri atupwe mtoni. Wakuu wa Anhalt walikataa. Twamheshimu Luther kwa ajili ya Injili. Lakini katika neno hili wakuu wale walitenda haki kuliko yeye.

Nasi tusiwacheke Wazungu. Hapa Uzaramo mtoto aliyeota meno ya juu kwanza aliitwa kigego. Burton, aliyepita nchi hii mwaka 1857, aliandika kwamba mtoto huyo huuawa, au hutolewa kwa watu wengine, au huuzwa kwa wafanya biashara ya watumwa, kwa hofu kwamba ataleta maradhi na mauti nyumbani. Jino moja limetangulia jingine: hatia yake ni hiyo tu! Na katika siku zetu wako waliosema kwamba zeruzeru hafi, bali hutoweka. Na aliyekwisha kusadiki kwamba mwenzake si mtu, mkono wake hautetemeki.

Labda mtu atasema, "Hadithi za vijana hazimwui mtu, zampandisha mtoto, hazimshushi." Ni kweli, wala hatuwakatazi kuzisoma. Lakini angalieni, mzizi ni mmoja. Asemaye, "Huyu ni wa pepo," na asemaye, "Huyu ni wa mfalme," wote wawili wanaitafuta thamani ya mtu katika damu iliyofichwa, nao wampita mtoto aliye mbele yao. Na yule asiye na damu ya siri, mwana wa mkulima wa mihogo, yeye ana thamani gani?

Maandiko yanatupa mifano miwili. Yoashi alikuwa mwana wa mfalme kweli, akafichwa miaka sita ili Atalia asimwue. Lakini alipokuwa mkubwa alimwua Zekaria, mwana wa Yehoyada aliyemlea. Damu yake ya kifalme haikumzuia. Musa naye alizaliwa na watumwa, akalelewa katika nyumba ya Farao; na alipokua hakutafuta ukuu wa siri, bali aliwaendea ndugu zake waliokuwa wakiteswa. Basi mtu hajulikani kwa siri ya kuzaliwa kwake, bali kwa yale anayowatendea wengine.

Kwa hiyo, ninyi walimu wa vijijini, mkisikia mama akiambiwa kwamba mtoto wake ni kigego, au kwamba yule asiyesema wala kutembea si mtoto wake, msingoje Jumapili ifike. Nendeni nyumbani kwake. Mpakateni mtoto, mwulizeni jina lake, mwiteni kwa jina hilo mbele ya jirani wote. Kisha mwambieni mama neno lililo kweli: Huyu hakubadilishwa na mtu. Ndiye yule yule uliyemzaa, ndiye uliyepewa, wala hakuna mwingine aliyefichwa mahali.