Mtakatifu Yoane Batista de La Salle na walimu wake

Mtu akipita asubuhi karibu na shule ya kijijini, akasikia watoto wanapiga kelele na mwalimu naye anapiga kelele ili awashinde, husema upesi: mwalimu huyu hafai. Pengine asema kweli. Lakini ni nani aulizaye habari za mkubwa wa shule? Wako walimu waliomwuliza mkubwa wao neno hilo usoni pake, nalo likamchoma moyo mpaka akageuza maisha yake yote.

Mkubwa huyo ni Yoane Batista de La Salle. Alizaliwa mjini Reims, katika nchi ya Ufaransa, tarehe 30 Aprili 1651, kwa wazazi wenye mali na heshima. Alikuwa padri, tena kanoni wa kanisa kuu, maana yake mmoja wa wale waliosali pamoja kila siku katika kanisa la askofu, na cheo hicho kilimpa mapato mazuri. Mwaka 1679 akafika mjini mtu mmoja aitwaye Adrien Nyel, aliyetumwa kutoka Rouen ili afungue shule ya bure ya wavulana maskini. De La Salle akamsaidia kwa wema tu. Hakufikiri hata kidogo kwamba kazi ile itamshika mpaka kufa.

Shule zikafunguliwa, walakini hazikwenda vema. Walimu walikuwa watu wasiofundishwa kazi yao, na kila mmoja alifundisha apendavyo. Nyel mwenyewe alikuwa mtu mwema, ila alipenda kufungua shule mpya kuliko kuziangalia zile za kwanza. (Watu wa namna hiyo hawakosi popote: kusimamisha nyumba ni furaha yao, kuziba paa linalovuja wanamwachia mwingine.) De La Salle akaona ya kuwa watoto hawatajifunza kitu ikiwa walimu wao hawana mtu wa kuwatunza. Kwanza akawaita wale mezani pake. Halafu, siku ya 24 Juni 1681, akawapokea wakae nyumbani mwake. Jamaa zake wakakasirika mno, kwa sababu siku zile mwalimu wa watoto maskini alidharauliwa. De La Salle mwenyewe alikiri baadaye kwamba zamani aliwahesabu watu hao kuwa chini ya mtumishi wake.

Wengi wa wale wa kwanza wakaondoka baada ya miezi michache. Maisha ya utaratibu yaliwachosha. Wakaja wengine wenye moyo bora, lakini nao wakaingiwa na hofu. Tutakula nini tukizeeka? De La Salle akawahimiza wamtumaini Mungu, anayewalisha ndege na kuyavika maua. Ndipo walimu wakamjibu neno gumu: yeye asema hivyo kwa urahisi, maana hakosi kitu, ana cheo, ana mali ya baba yake, shule zikianguka, yeye atabaki vilevile, bali wao watatupwa njiani bila kazi wala chakula.

Mkubwa mwingine angaliwafukuza siku ile ile. De La Salle alinyamaza, kwa kuwa aliona wamesema kweli. Akaenda kutaka shauri kwa Padri Nicolas Barré, mtu wa sala, naye akamwambia aache vyote. Mwaka 1683 akaacha cheo chake cha kanoni, wala hakukitoa kwa ndugu yake kama jamaa walivyotaka, bali kwa padri maskini. Kisha njaa kali ikaingia Reims, naye akagawa mali yake kuwa mkate wa wenye njaa mpaka ikaisha. Mtu atasema: si ingalifaa kuiweka fedha ile kwa ajili ya shule? Yeye naye aliliwaza jambo hilo. Lakini fedha ingalimwacha yeye kuwa tajiri anayewalisha maskini, na walimu walihitaji ndugu. Bwana Yesu naye, walipomwita Mwalimu, alijifunga kitambaa akawaosha miguu.

Tangu hapo maneno yake yakasikiwa, na kazi ya darasani ikabadilika. Desturi ya shule nyingi ilikuwa mwalimu kumwita mtoto mmoja mmoja asome, na wengine wote wakae bure wakichezacheza. De La Salle aliwapanga watoto kwa kadiri ya ujuzi wao, wenye somo moja pamoja: mmoja asoma kwa sauti, wenzake wote wafuata kwa macho katika kitabu kile kile. Mwalimu hakupaza sauti, alitumia kifaa kidogo chenye mlio kuwapa watoto alama. Tena watoto walianza kusoma kwa Kifaransa, lugha ya nyumbani kwao, wala si kwa Kilatini kama ilivyokuwa desturi. Askofu wa Chartres, rafiki yake, hakupendezwa na jambo hilo. De La Salle akamweleza kwamba mtoto wa maskini hakai shuleni siku nyingi. Akianza na lugha asiyoielewa, ataondoka hajui kusoma yoyote.

Akaweka na mwangalizi wa kuzunguka madarasani, kuwaongoza walimu wapya na kupima ni mtoto gani apandishwe. Katika habari ya adhabu walimu walionywa wasiwatendee wote namna moja: mwenye kiburi ni mwingine, na mwoga, mgonjwa, mgeni au mzito wa akili ni wengine. Maagizo hayo hakuyatunga peke yake. Aliyazungumza na walimu wazoefu miaka mingi, yakapigwa chapa mwaka 1720, yeye akiwa amekwisha kufa tangu Ijumaa Kuu ya mwaka 1719.

Na ninyi wazazi mnaojitayarisha kwa ubatizo, msidhani habari hii ni ya wakubwa peke yao. Maagizo yale yanasema sana juu ya mtoto asiyekuja shuleni. Kila siku yatafutwe sababu, na baba aliyemzuia kwa ajili ya kazi ajulishwe kwa upole faida ya mtoto kujua kusoma na kuandika. Ikiwa leo mtoto wako yuko shambani anafukuza ndege, mwalimu atamfundisha nani?

Papa Leo XIII alimtangaza kuwa Mtakatifu mwaka 1900, na mwaka 1950 Papa Pio XII akamweka kuwa msimamizi wa walimu. Lakini wakatekumeni wamkumbuke hasa alivyokuwa Grenoble, karibu mwaka 1713. Wakati ule alikuwa mkuu wa Mafurere wote wa Shule za Kikristo, na umri wake ulipita miaka 60. Ikampasa kumtuma Furere mmoja safari ya mbali ili azitazame nyumba nyingine, na darasa la Furere yule likabaki bila mtu. Mzee hakumtafuta mwingine. Akaingia mwenyewe, akakaa mbele ya watoto wadogo, akawafundisha herufi siku baada ya siku. Na saa ya Misa ilipofika, aliwaongoza kwa mstari mpaka kanisani.