WAJIBU WA KUITA MSAADA KWA SIMU YA MKONONI

Bismillahi Rrahmani Rrahim

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeiumba roho ya mwanadamu akaitukuza, akaharimisha kupotezwa kwake pasipo haki. Rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, ambaye watu wa Madina walipofazaika usiku kwa mshindo wasioujua, walimkuta njiani akirejea, amekwisha kutoka mbele yao juu ya farasi asiye na tandiko, amekwisha kutazama, anawatuliza nyoyo. Na ziwashukie jamaa zake na masahaba wake wote.

Ama baada. Maulamaa wa madhehebu ya Imamu Shafii wamebainisha kwamba kumwokoa mtu aliye katika kuangamia, kama aliyezama, au aliyezungukwa na moto, au aliyeangukiwa na ukuta, ni fardhi ya kifaya. Wakiisimamia baadhi ya watu, dhambi huwaondokea waliobaki. Wakiiacha wote, hupata dhambi wote walioweza. Na ikiwa mahali pale hapana aonaye na awezaye ila mtu mmoja, fardhi ile humwelekea yeye peke yake, kama inavyomwelekea sala yake.

Zamani, mtu asiyejua kuogelea akisimama ufuoni akaona mashua inapinduka, hakuwa na la kufanya ila kupiga ukelele. Akiisha kuupiga, amekwisha kutimiza kadiri ya nguvu zake. Leo mtu yule yule ana simu mfukoni. Ukelele wa kinywa hukoma mwisho wa mtaa, lakini ukelele wa simu hufika penye gari, penye chombo na penye tabibu. Basi uwezo umezidi. Na uwezo ukizidi, udhuru hupungua. Mwenye simu aliyesimama akatazama tu, hawezi kusema kuwa hakuwa na njia.

Na dalili ya jambo hili ni wazi. Mwenyezi Mungu ameamrisha katika Sura ya al-Maida kusaidiana katika wema na ucha Mungu, na katika sura hiyo hiyo amelifanya jambo la kuihuisha nafsi moja kuwa kama kuwahuisha watu wote. Aitaye msaada kwa wakati wake huwa ameshika ncha ya kamba ya uokozi huo, ijapokuwa mkono wake haukugusa maji wala moto.

KHABARI ICHELEWAPO

Mwaka 1935 nyumba moja ya London iliungua, wakafa wanawake watano. Jirani alipiga simu kuwaita wazima moto, lakini simu yake ikangojeshwa pamoja na simu nyengine katika ofisi ya kuunganisha simu. Kwa sababu ya msiba ule, mwaka 1937 mji huo ukawekewa namba 999, ili mwito wa khatari utangulie miito mingine yote. Hikima ni kitu kilichompotea muumini; hukiokota popote akionapo.

Na watu wa pwani hawakusahau usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ilipozama meli ya Spice Islander I katika bahari ya Nungwi, ikielekea Pemba, imejaa watu kupita kiasi chake. Tume ya serikali ilisema baadaye kwamba waliokufa na waliopotea walipita 1,500. Wavuvi na wenye vyombo vidogo walikuwamo miongoni mwa waliotoka kuokoa. Katika hayo mna funzo: mwito wa serikali ni lazima, na mwito wa aliye karibu na mwenye chombo ni lazima pamoja nao. Aliye baharini roho yake ni ya saa, si ya siku.

MAS-ALA

Likiulizwa: Mtu yumo katika sala, akaona moto au mtoto anazama, afanye nini? Jawabu: Aikate sala, apige simu na aokoe awezavyo, kisha aisali. Imamu Izzuddin bin Abdissalam ameeleza kuwa kumwokoa mwenye kuzama hutangulizwa mbele ya kutimiza sala, kwa kuwa sala iliyopita hulipwa, na roho iliyopita hairejei. Kadhalika mwenye saumu, asipoweza kuokoa ila kwa kufungua, hufungua. Na katika madhehebu hulipa siku ile na kutoa fidia. Na aliye katika kusikiliza khutba ya Ijumaa hazuiliwi kunena kwa ajili ya khatari, kama asivyozuiliwa kumwonya kipofu aelekeaye kisimani.

Likiulizwa: Asiye na simu, yafaa aitwae simu ya mwengine bila ya idhini? Jawabu: Amwombe mwenyewe kwanza. Akiwa hayupo, na roho iko khatarini, aitumie kwa kadiri ya haja, kisha airejeshe, na akiharibu alipe. Wanazuoni wameruhusu mwenye njaa ya kufa kula chakula cha mtu asiyekuwapo kwa sharti ya kulipa thamani, na jambo hili ni mfano wake. Ama mwenye simu anayeombwa kwa ajili ya mtu anayekufa akainyima kwa kuhifadhi vocha yake, ni mwenye dhambi, na tena hana hata hoja ya vocha, maana mwito wa namba za khatari hautozwi.

Likiulizwa: Ajali haina kinga, kwa nini mtu ahangaike? Jawabu: Ajali i katika elimu ya Mwenyezi Mungu, na amri i mbele ya mja. Mja haulizwi kwa asilolijua. Huulizwa kwa aliloamrishwa. Sayyidna Umar alipopata khabari ya tauni katika nchi ya Sham alirejea na watu wake. Na alipolaumiwa kuwa anakimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, alijibu kwamba anaikimbia kadari kwa kuiendea kadari nyengine. Na tabibu na gari na chombo ni katika kadari.

Likiulizwa: Ikiwa mtu achelea kuulizwa maswali na askari? Jawabu: Kuulizwa ni taabu, na kufa kwa mtu ni msiba, taabu haiwi udhuru wa kuacha roho ipotee. Na kuficha ushahidi kumekatazwa katika Sura ya al-Baqara.

Na liko jambo lililozuka siku hizi, nalo ni baya mno. Gari hupinduka njiani, majeruhi wakalia, na vijana kumi wakasimama killa mmoja amenyosha simu yake kupiga picha, wala hapana mmoja aliyeita msaada. Chombo walichopewa cha kuokoa wamekifanya chombo cha kutazamia. Tena huzitangaza picha za waliofunuka nguo na waliovunjika viungo, mama zao wakaziona kabla ya kuletewa khabari. Hao wamekusanya mambo mawili: kuacha fardhi, na kuvunja heshima ya Mwislamu.

ADABU ZA KUITA

Na ajue killa mwenye nyumba namba hizi, awafundishe wakewe na wanawe: katika Tanzania ni 112, na wazima moto wa bara ni 114, katika Kenya ni 999 au 112. Namba 112 hupigika hata simu ikiwa imefungwa kwa siri ya mwenyewe, na simu hushika mnara wowote ulio karibu, ujapokuwa si wa kampuni yake. Pamoja nazo aandike ukutani namba ya hospitali ya karibu na ya jirani mwenye gari au mashua, maana uchungu wa uzazi wa usiku haungoji mtu atafute karatasi.

Apigapo, ataje mahali kwanza kabla ya jambo lenyewe, kwani simu yaweza kukatika, na asidhani kuwa mpokeaji anaona alipo. Mitaa mingi ya pwani haina namba za nyumba. Basi ataje msikiti, skuli, mbuyu au gati. Kisha aseme limetokea nini, watu wangapi, na wana hali gani. Ajibu aulizwalo kwa utulivu, wala asikate mpaka aambiwe. Kisha mtu mmoja asimame njia kuu kuwaongoza wajao.

Na wavuvi na manahodha wajue kuwa simu ya mkononi ina mpaka. Mitambo ya GSM kwa kawaida haipiti kilomita 35 kutoka mnarani, na mara nyingi hukoma kabla ya hapo. Aendaye mbali achukue redio ya baharini, na mwito wa khatari huitwa katika chaneli 16. Simu aitie katika mfuko usioingia maji, imejaa moto kabla ya kutweka. Chombo kikipata khatari, simu moja iite na nyengine zizimwe, zibaki akiba. Mwenyezi Mungu amewaamrisha waumini katika Sura ya an-Nisaa washike hadhari yao, na hii ni hadhari.

KUITA KWA MZAHA

Wahenga walisema: mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Aipigaye namba ya khatari kwa kucheza, au akamwacha mtoto kuichezea huku anamwona, ameikamata njia ambayo mwengine anaihitaji kwa roho yake. Gari likienda kwenye moto usiokuwapo, halipo kwenye moto uliopo. Mtume, rehema na amani zimshukie, amekataza Mwislamu kumtisha Mwislamu, na masahaba walikuwa katika mzaha wa kamba tu. Basi nini hukumu ya mzaha uuao mtu asiyeonekana? Mwenye kufanya hayo na atubu leo.

Khulasa ya maneno ni hii: simu ni neema, na neema itaulizwa siku ya Kiyama. Ataulizwa mwenyewe aliitumia kwa maneno mangapi ya upuuzi, na ataulizwa siku ile moja jirani yake alipohitaji neno moja tu.

Mwenyezi Mungu awajaalie Waislamu kuwa wepesi wa kuitikia na wepesi wa kuita, awahifadhi wasafiri wa bara na bahari, na awarehemu waliozama na walioungua, awaandikie daraja ya mashahidi. Amin.

Wallahu aalam, wabillahi ttaufiq.